Bibi Helena na Uso Kabla ya Poda

Bibi harusi wa Pwani hatiwi wanja wala poda kabla hajasingwa. Somo wake humkalisha mkekani akamsugua kwa singo la liwa, mawaridi na karafuu, yote yamekorogwa kwa maji ya marashi, mpaka taka zitoke na ngozi iteleze. Hilo kwetu ni jambo la kale. Lakini huko Ulaya na Marekani, miaka mia moja na ushei iliyopita, mambo yalikuwa mbali na hivyo. Mwanamke wa heshima aghalabu aliona haya kujipaka chochote hadharani, na yule aliyejipaka aliutia unga juu ya ngozi kavu, kama fundi anayepaka chokaa ukuta ambao haujapigwa lipu. Miongoni mwa watu waliowageuza mawazo yao, na kutajirika kupindukia kwa kazi hiyo, alikuwa bibi mmoja mfupi sana wa kimo, mkali wa ulimi, jina lake Helena Rubinstein.

Alizaliwa tarehe 25 Desemba 1872, katika mtaa wa Mayahudi wa mji wa Kraków, nchi ya Poland, ambao zama hizo ulikuwa chini ya utawala wa Austria. Jina alilopewa na wazazi wake ni Chaja. Alikuwa kifungua mimba katika nyumba ya mabinti wanane, na baba yao alikuwa mwenye duka ambaye riziki yake haikuwa ya kutosha. Mabinti wanane ni mahari manane kwa desturi yao, maana kwao ni baba wa binti atoaye mali. Basi baba akamtafutia Chaja mume, naye Chaja akamkataa. Nyumba ikawa haikaliki, na mnamo mwaka wa 1896 akapanda meli kwenda Australia kwa mjomba wake, aliyekuwa na duka katika kijiji cha Coleraine, jimbo la Victoria.

Huko alikuta jua kali, upepo wa vumbi, na kondoo wasio na hesabu. Wake wa wafugaji walikuwa na nyuso zilizobabuka na kukunjamana kabla ya wakati wake, nao wakastaajabia uso laini wa mgeni huyu. Baadaye yeye mwenyewe alisimulia kwamba alitoka kwao na vikopo kumi na viwili vya mafuta ya mama yake, yaliyotengenezwa na daktari mmoja kwa mitishamba ya milima ya Carpathia, na kwamba yeye alipata kusoma udaktari. Msomaji na ayapokee hayo kama yanavyopokewa maneno ya mwuza dawa sokoni. Shule ya udaktari hakuingia, na hata miaka yake alikuwa akiipunguza.

Siri yenyewe ilikuwa ikitembea kwa miguu minne nje ya duka la mjomba. Sufu ya kondoo ina mafuta mazito, yaitwayo lanolini, ambayo hushika unyevu na kuuzuia usitoke katika ngozi. Ubaya wake ni harufu, kwani hunuka zizi. Chaja, ambaye sasa alijiita Helena, aliifunika harufu hiyo kwa manukato ya maua. Hata hivyo wazo la kuilainisha ngozi kwa mafuta halikuanza kwake. Tabibu Jalinusi wa Pergamo, ambaye vitabu vyake vilifasiriwa kwa Kiarabu na kusomwa karne nyingi na matabibu wa Kiislamu, anahesabiwa kuwa ndiye aliyechanganya nta, mafuta ya zeituni na maji ya waridi yapata miaka elfu moja na mia nane iliyopita. Alichokuwa nacho Helena zaidi ya Jalinusi ni ulimi wa biashara.

Akahamia Melbourne, akafanya kazi ya kuhudumu katika mkahawa wa chai, akaweka akiba na kupata wa kumsaidia mtaji. Ilipofika mwaka wa 1903 alikwisha fungua duka lake mwenyewe, akiuza krimu aliyoiita Valaze. Yasemekana kopo moja lilimgharimu peni kumi, naye akaliuza kwa shilingi sita. Shilingi ya Kiingereza ya siku hizo ilikuwa peni kumi na mbili, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Aliamini kwamba mwanamke haheshimu krimu ya bei rahisi, na wateja walipanga foleni kumthibitishia.

Tusimwonee, lakini. Zaidi ya kopo, bibi huyu aliuza na mafunzo. Mwanamke aliyeingia kwake alikalishwa kitini akatazamwa uso kwanza, ndipo akaambiwa ngozi yake ni ya namna gani: kavu, ya mafuta, au ya wastani. Mgawanyo huo, ambao leo kila msichana anaujua, ni yeye aliyeutia katika biashara na kuueneza. Tena akafundishwa taratibu. Kwanza uso usafishwe jasho, vumbi na rangi ya jana. Kisha upakwe maji ya kuukaza, hasa kwa mwenye ngozi ya mafuta. Halafu krimu, kwa vidole vyepesi, nayo iachwe inywewe na ngozi. Poda na rangi zije mwisho.

Sababu yake si uchawi. Ngozi kavu ina magamba madogo madogo yasiyoonekana kwa macho, na poda ikitiwa juu yake hushika magamba hayo ikafanya mabaka. Ngozi ya mafuta isiyooshwa huichanganya poda na mafuta ikawa tope, na kabla ya adhuhuri uso wote umeteremka. Na krimu isipoachwa itulie, rangi itakayoifuata huteleza pamoja nayo. Somo wa Lamu angeyakubali haya yote bila kuhitaji kwenda Melbourne.

Liko jambo moja katika matangazo yake ya mwanzo ambalo halinipendezi: Valaze ilisifiwa pia kwamba inaondoa madoa na kuung'arisha uso. Kuanzia hapo njia ni fupi kufika kwenye vikopo vya kujichubua ambavyo vimewaharibu dada zetu wengi hapa Afrika Mashariki, vyenye zebaki na hidrokwinoni, vinavyoiacha ngozi na mabaka meusi na zebaki ikiingia mpaka figo. Kuiandaa ngozi ni jambo moja, na kuichuna ili iwe ya mtu mwingine ni jambo jingine kabisa.

Mwaka wa 1908 alifungua nyumba yake ya urembo London, na mwaka huo huo akaolewa na mwandishi wa habari Edward Titus, wakazaa wana wawili. Paris ikafuata, na vita vya 1914 vilipozuka akavuka bahari hadi New York. Mwaka wa 1928 aliiuza biashara yake ya Marekani kwa benki ya Lehman Brothers kwa zaidi ya dola milioni saba. Mwaka uliofuata soko la hisa likaporomoka, naye akainunua tena kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Ndoa yake haikuwa na bahati kama hiyo. Waliachana, akaolewa mara ya pili mwaka wa 1938 na mtu wa Georgia aliyejiita mwana wa mfalme.

Mali haikumfungulia kila mlango. Alipotaka kupanga nyumba katika jengo moja la Park Avenue, mwaka wa 1941, aliambiwa Mayahudi hawapangishwi. Akalinunua jengo zima. Lakini mwaka uliofuata, kule Poland, mdogo wake Regina aliuawa na Wanazi, na hapo fedha zake hazikufaa kitu.

Katika jengo hilo alijaza picha za wachoraji mashuhuri na vinyago vya Afrika alivyovikusanya tangu siku ambazo Wazungu wengi waliviona si kitu. Mwaka wa 1964 wezi walimwingilia humo wakijifanya wameleta maua, wakamfunga kitini akiwa na miaka 91. Akawafokea, akawaficha ufunguo wa sanduku la johari, nao wakatoka na fedha kidogo tu. Alifariki tarehe 1 Aprili 1965, na vinyago vyake vikauzwa kwa mnada mwaka wa 1966. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo alifariki pia mshindani wake mkubwa, Elizabeth Arden, ambaye naye aliuza krimu za uso katika mji ule ule wa New York. Walishindana kwa muda wa miaka hamsini, na yasemekana hawakupata kusemezana hata siku moja.