Clodion: Mchongaji aliyeupa udongo hadhi ya marumaru

KWA wachongaji wengi wa Ufaransa katika karne ya 18, udongo ulikuwa wa kufanyia mfano tu. Mteja akiridhika, kazi yenyewe ilichongwa kwa marumaru au kusubiwa kwa shaba. Claude Michel, maarufu kwa jina Clodion, aliufinyanga, akauchoma tanuruni na kuuza.

Alizaliwa mjini Nancy mnamo Desemba 20, 1738. Ukoo wa mama yake ulijaa wachongaji, na mjombake, Lambert-Sigisbert Adam, ndiye aliyemfunza jijini Paris. Mjomba alifariki 1759, mwaka ambao kijana huyo alishinda tuzo kuu ya uchongaji ya Chuo cha Kifalme. Tuzo hiyo ilimfikisha Roma mwaka wa 1762.

Alikaa huko miaka tisa. Kutokana na michongo ya kale aliyoiona, alifinyanga masatiri, viumbe nusu mtu nusu mbuzi, wakicheza na wafuasi wa Bacchus, mungu wa mvinyo. Nyingi za sanamu hizo hazikufika hata mita moja kwa kimo. Lakini udongo hutii kidole kuliko jiwe, na alama za mkono wa fundi husalia hata baada ya moto. Matajiri walizigombania. Catherine II wa Urusi alitaka ahamie kwake. Clodion akarejea Paris mwaka wa 1771.

Si kwamba marumaru ilimshinda, kwani sanamu yake ya mwanafalsafa Montesquieu yathibitisha vingine. Moyo wake tu haukuwa huko.

Mapinduzi ya 1789 yaliwatawanya wateja wake, naye akarudi Nancy kuanzia 1792 hadi 1798. Ndoa yake na binti ya mchongaji Augustin Pajou ilivunjika 1794. Aliporejea Paris, Roma ya kale ilikuwa ingali ikienziwa, ila sasa ilikuwa Roma ya askari na wazalendo, si ya walevi na wachezaji ngoma. Mzee huyo alijitahidi kwenda na wakati: mwaka wa 1801 alionyesha sanamu ya watu waliokumbwa na gharika, kisha akachonga ushindi wa Napoleon kwenye Tao la Carrousel.

Alifariki Paris mnamo Machi 29, 1814, majeshi ya maadui yakiukaribia mji. Siku mbili baadaye yaliingia, yakiongozwa na Alexander I wa Urusi, mjukuu wa Catherine.