Godfrey Hounsfield, baba wa skana inayoonyesha leo mishipa ya moyo

Mgonjwa anayelazwa kwenye skana ili mishipa ya moyo wake ichunguzwe anafaidika na kazi ya Godfrey Hounsfield, injinia Mwingereza aliyefariki tarehe 12 mwezi wa nane 2004, akiwa na umri wa miaka 84. Hakuwa daktari.

Alizaliwa tarehe 28 mwezi wa nane 1919, kitinda mimba kati ya watoto watano wa mkulima mmoja wa eneo la Newark. Shambani kwao alipenda kuchokonoa mashine ili ajue zinavyofanya kazi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alitumika katika jeshi la anga, upande wa rada. Baadaye aliajiriwa na kampuni EMI, ambako aliongoza utengenezaji wa kompyuta.

Mwaka wa 1967 alipata wazo: kupitisha miale ya X mwilini kutoka pande nyingi, kisha kompyuta ipige hesabu na kuchora sehemu ya ndani, kipande kwa kipande. Jaribio la mwanzo lilichukua siku 9. Alijaribia pia ubongo wa ng'ombe. Tarehe 1 mwezi wa kumi 1971, katika hospitali Atkinson Morley mjini London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo, na uvimbe ukaonekana bila fuvu kufunguliwa.

Mwaka wa 1979 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, Afrika Kusini, aliyekuwa amefanya hesabu kama hizo mbele yake bila wao kujuana.

Moyo ulibaki mgumu kupigwa picha, kwa sababu hautulii, na mashine za kwanza zilihitaji dakika kadhaa kwa kila kipande. Ilibidi skana ziongezewe kasi kwa miaka mingi. Leo mgonjwa anachomwa sindano ya dawa yenye ayodini mkononi, anabana pumzi kwa sekunde chache, na mishipa inaonekana bila mrija kufikishwa moyoni. Mara nyingi anapewa kwanza dawa ya kupunguza mapigo, na anaombwa asinywe kahawa.

Kuna pia kipimo kisicho na dawa hiyo, kinachohesabu chokaa iliyoganda kwenye mishipa. Hapo ndipo jina la Hounsfield linatumika kama kizio: maji ni 0, hewa ni -1000, na chokaa huhesabiwa kuanzia 130. Lakini kukosa chokaa hakuhakikishi kwamba mishipa ni mizima kabisa, kwani mafuta laini yanaweza kuwemo.

Mwenye ugonjwa wa figo, mwenye mzio, mjamzito na anayemeza dawa za kisukari wanapaswa kumwambia daktari mapema, maana miale na ayodini vina hatari zake. Mshipa ukionekana umeziba sana, mrija unaweza kuhitajika bado. Na anayeumwa kifua ghafla, huku akitoka jasho au kukosa pumzi, asingoje siku ya skana: akimbizwe hospitalini mara moja.

Hounsfield hakuoa wala hakuacha mtoto. Jina lake linabaki katika kila picha ya skana inayosomwa na daktari.