Edmund Spenser: Mshairi kwenye ardhi iliyotwaliwa

Ni washairi wachache wa Uingereza waliokaa karibu na upanga wa dola kama Edmund Spenser. Alizaliwa London yapata mwaka 1552, katika familia isiyo na mali, akasoma Cambridge kama mwanafunzi maskini.

Mwaka 1580 alikwenda Ireland akiwa katibu wa Lord Grey, mwakilishi wa Malkia Elizabeth wa Kwanza. Novemba mwaka huo, katika ngome ya Smerwick, wanajeshi wapatao 600, wengi wao Wataliana na Wahispania, waliuawa baada ya kusalimu amri. Miaka mingi baadaye Spenser alikuwa bado akimtetea bwana wake.

Uasi wa jimbo la Munster ulipozimwa, ardhi ya waasi waligawiwa walowezi wa Kiingereza. Spenser alipata ngome ya Kilcolman na ekari zipatazo 3,000. Aliishi humo utenzi wake mkuu, The Faerie Queene, ulipoanza kuchapishwa mwaka 1590, na Malkia akamtunuku pensheni ya pauni 50 kwa mwaka.

Utenzi huo husifiwa kwa utamu wa lugha. Hata hivyo, katika kitabu cha tano, kinachohusu haki, shujaa Artegall huandamana na Talus, mtu wa chuma asiyejua huruma, anayewapiga watu kama apuraye nafaka. Humo pia yumo mshairi aliyepigiliwa ulimi kwenye nguzo kwa kumkashifu malkia. La ajabu ni kwamba Spenser, aliyeinuliwa na ulimi wake mwenyewe, haonekani kumsikitikia.

Mwaka 1596 Mfalme James wa Sita wa Scotland alitaka mtunzi huyo aadhibiwe, kwa kumsawiri vibaya mama yake, Mary Stuart.

Wakati huohuo Spenser alikuwa akiandika risala kuhusu Ireland. Alikuwa ameieleza humo njaa ya Munster kwa namna ya kutisha. Bado alishauri njaa itumike tena dhidi ya waasi. Risala hiyo haikuchapishwa hadi mwaka 1633.

Oktoba 1598 waasi waliichoma Kilcolman. Spenser alikimbilia Cork, kisha London, alikofariki tarehe 13 Januari 1599. Alizikwa Westminster Abbey, karibu na mshairi Chaucer. Inasimuliwa kwamba washairi wenzake walitupa kaburini beti walizomtungia, pamoja na kalamu zao. Mwaka 1938 palichimbwa ili kuzitafuta karatasi hizo, wala hazikupatikana.