Siddhartha Gautama, Aliyetafuta Mwisho wa Mateso

Wengi wetu tunamfahamu Buddha kwa sanamu tu: mtu aliyeketi, miguu ameikunja, macho ameyainamisha. Wapo wanaodhani kwamba huyo ni mungu wa Wahindi. Sivyo. Buddha alikuwa binadamu, hakujiita mungu, na dini iliyotokana naye si Uhindu, ingawa ilichipuka katika udongo uleule. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, uliutaja Uhindu na Ubudha kwa majina, ukatutaka tuheshimu yaliyo ya kweli na matakatifu ndani yake bila kuacha kumtangaza Kristo. Basi inafaa tumjue mtu huyu kabla ya kumsema.

Siddhartha Gautama alizaliwa Lumbini, katika nchi ambayo leo ni Nepal, karibu na mpaka wa India. Mapokeo yanaiweka habari hiyo katika karne ya 6 K.K.; wanahistoria wengi wa siku hizi humsogeza kuelekea karne ya 5. Nguzo ya mawe iliyosimamishwa hapo na mfalme Ashoka katika karne ya 3 K.K. ingalipo. Yeye mwenyewe hakuandika kitu. Wanafunzi wake waliyashika mafundisho kwa kichwa, kizazi hadi kizazi, mpaka yalipoandikwa huko Sri Lanka katika karne ya 1 K.K. Kwa hiyo maisha yake yametufikia historia na masimulizi yakiwa yamefumwa pamoja.

Baba yake, Suddhodana, alikuwa mkuu wa ukoo wa Sakya. Mama yake, Maya, alifariki siku saba baada ya kujifungua, na mtoto akalelewa na mama yake mdogo. Husimuliwa kwamba baba alimzungushia kijana wake kila raha ili asione uchungu wa dunia. Alipotoka nje ya boma, akaona mzee aliyepinda mgongo, kisha mgonjwa, kisha maiti ikipelekwa kuchomwa. Mwishowe akamwona mtawa maskini mwenye uso mtulivu. Akiwa na miaka 29, usiku, akamwacha mkewe Yasodhara na mwanawe mchanga Rahula, akaenda msituni kutafuta dawa ya uzee, ugonjwa na kifo.

Dini aliyoikuta ni ile ya Veda, mzizi wa Uhindu wa leo. Makuhani wa tabaka la Brahmana walitoa sadaka na kutunza maandiko. Wahenga wa wakati huo walifundisha kwamba mtu hufa na kuzaliwa tena mara nyingi, akivuna matunda ya matendo yake, yaani karma. Walifundisha pia kwamba ndani yake mna nafsi isiyokufa, atman, na kwamba kuokoka ni kutoka katika mzunguko huo. Siddhartha alisoma kwa walimu wawili, hakutosheka. Akajitesa kwa kufunga karibu miaka sita, akabaki mifupa mitupu. Alipoona kwamba mwili uliodhoofika haumletei mwanga, akapokea bakuli la wali wa maziwa kutoka kwa mwanamke aitwaye Sujata. Wenzake watano wakamkimbia wakidhani ameanguka. Akiwa na miaka 35, chini ya mti wa jamii ya mtini huko Bodh Gaya, akapata alichokitafuta. Ndipo akaitwa Buddha, maana yake aliyeamka.

Hotuba yake ya kwanza aliitoa Sarnath, karibu na Varanasi, kwa wale wenzake watano. Alisema kama tabibu. Kwanza alitaja ugonjwa: maisha yamejaa mateso. Pili, chanzo chake: tamaa inayong'ang'ania. Tatu, kwamba unaponyeka: tamaa ikizimika, mateso nayo huisha, na hiyo ndiyo nirvana. Nne akatoa dawa, njia yenye mambo manane: kuona sawasawa, kukusudia, kusema, kutenda, kutafuta riziki, kujitahidi, kukumbuka na kutuliza mawazo sawasawa.

Hapa tunaona alipokubaliana na wazee wake na alipoachana nao. Karma na kuzaliwa tena alivikubali. Lakini alikataa mamlaka ya Veda na sadaka za wanyama, na alifundisha kwamba mtu haheshimiki kwa tabaka alilozaliwa bali kwa mwenendo. Akapokea watawa wa kila tabaka, na baadaye wanawake pia. Zaidi ya hayo, alikana kwamba iko nafsi ya kudumu. Kwake mtu ni kama mwali unaopita kutoka taa moja kwenda nyingine: hakuna kitu kimoja kinachosafiri, ila moto huwasha moto.

Kwetu Wakristo tofauti ni nzito. Sisi tunasadiki kwamba kila mtu ameumbwa na Mungu, anaishi mara moja, anakufa mara moja, na atafufuliwa akiwa yeye yule. Buddha hakumweka Mungu Muumba katika mafundisho yake. Kwake shina la ubaya ni ujinga unaozaa tamaa. Kwetu ni dhambi, yaani urafiki uliovunjika, na urafiki hautengenezwi na upande mmoja peke yake. Ndiyo maana tunazungumza juu ya neema.

Tofauti hiyo tunaiona vizuri zaidi msibani. Simulizi la kale linamtaja Kisa Gotami, mama aliyefiwa na mtoto wake wa pekee. Alizunguka na maiti mikononi akiomba dawa. Buddha akamtuma alete mbegu za haradali kutoka nyumba ambayo haijawahi kufiwa. Alibisha hodi mlango kwa mlango. Haradali ilikuwepo kila mahali, nyumba isiyofiwa hakuiona. Akaelewa, akamzika mwanawe, akarudi kuwa mtawa. Katika Injili ya Luka yuko mama mwingine, mjane wa Naini, naye anamzika mwana wa pekee. Yesu alimwonea huruma, akaligusa jeneza, akamrudishia mwanawe akiwa hai.

Tusiharakishe kusema kwamba simulizi la kwanza halina huruma. Mama yule alifunguliwa macho akaona kwamba hayuko peke yake, na hilo ni faraja ya kweli. Hata hivyo Buddha alimfundisha kukubali kifo. Yesu alikiamuru kifo kiachie. Tena neno la Kipali tunalolitafsiri kuwa tamaa, maana yake ya asili ni kiu. Buddha aliitaka kiu izimwe. Bwana wetu, alipokaa na mwanamke Msamaria kisimani, aliahidi maji ya kuituliza. Na msalabani kiu hiyo aliionja mwenyewe. Mkristo hatakiwi kuua hamu yote moyoni mwake, bali kuielekeza kwa Mungu.

Buddha alitembea na kufundisha katika bonde la mto Ganges kwa miaka 45 hivi. Akiwa na miaka 80 aliugua baada ya chakula alichoandaliwa na mhunzi aitwaye Cunda, naye akaagiza mtu huyo asilaumiwe. Alilala kati ya miti miwili huko Kushinagar, akawahimiza wanafunzi washike mafundisho, akafa kwa utulivu. Hakuwaambia wamtegemee yeye: alijiona mwonyesha njia. Kristo alijitambulisha kuwa njia yenyewe. Hapo hatuwezi kuwalinganisha kana kwamba ni walimu wawili wa darasa moja.

Jambo la ajabu ni kwamba habari za maisha yake zilisafiri kupitia Uajemi, Waarabu na Wageorgia, zikawafikia Wakristo wa Ugiriki na Ulaya zikiwa zimegeuzwa kuwa simulizi la Barlaam na Josafat, mwana wa mfalme aliyeacha enzi akawa mtawa. Jina Josafat latokana na bodhisattva, jina la heshima la Buddha kabla ya kuamka. Kwa karne nyingi Josafat alikumbukwa tarehe 27 Novemba katika orodha ya watakatifu ya Kanisa la Roma. Wakristo wa zamani walivutwa na sadaka ya kijana yule hata wasipojua ni nani.

Sisi tunaojiandaa kwa upadre tutaitwa kwenye misiba mingi, na ninyi waamini mnaitwa kila wiki katika jumuiya ndogo ndogo. Mara nyingi tunamwambia mfiwa kwamba kila mtu atakufa, kisha tunanyamaza. Hilo hata Buddha alilisema, tena kwa upole kutuzidi. Tukaelekee msibani na huruma kama yake kwa mama mwenye maiti mikononi, kisha tuongeze lile tulilopokea sisi: ufufuko, na Bwana anayeligusa jeneza.