Sultani aliyevua nguo zake: Hassan bin Sulaiman wa Kilwa



Kutoka Kipatimu, wilayani Kilwa, tumeletewa swali la ndugu wawili waliofiwa na baba yao. Marehemu ameacha joho alilokuwa akilivaa Ijumaa na sikukuu. Mkubwa anataka litolewe sadaka. Mdogo hataki litoke nyumbani, kwa kuwa bado linanukia udi wa baba. Kabla ya kuwajibu, tumeona tuwasimulie habari ya mtu wa pwani ya wilaya yao hiyohiyo, aliyeishi takriban miaka 700 iliyopita.

Sultani Hassan bin Sulaiman alitawala Kilwa Kisiwani mwanzoni mwa karne ya 14. Habari za kale za Kilwa zinaeleza kuwa alisafiri akiwa kijana mdogo, akasoma elimu ya dini Aden, kisha akahiji Makka. Siku zote hizo ndugu yake Daud alimshikia kiti, na aliporudi alimwachia. Ndugu kumrudishia ndugu ufalme bila vita si jambo dogo, na tunaomba msomaji alikumbuke, maana Daud tutakutana naye tena.

Hassan alikuwa tajiri. Dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwa Kilwa, na sarafu yenye jina lake imeokotwa mbali kabisa, Zimbabwe Kuu. Aliupanua Msikiti Mkuu akauwekea makuba, na akajenga jumba la Husuni Kubwa juu ya jabali linalotazama bahari, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea la pembe nane. Wachimbuaji wa mambo ya kale wanasema jumba hilo halikumalizika, na halikukaliwa muda mrefu.

Lakini watu hawakumwita mwenye jumba. Walimwita Abul Mawahib, yaani Baba wa Zawadi. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331, alimkuta anakula pamoja na mafakiri, anawaheshimu wanavyuoni, na anatenga khumsi ya nyara kama Qur'ani ilivyoagiza. Masharifu walimjia kutoka Iraq na Hijaz.

Ijumaa moja, na msafiri huyo akiwepo, Sultani alitoka msikitini kuelekea kwake. Fakiri mmoja wa Yemen akamkabili njiani akamwomba nguo zilezile alizovaa. Sultani akakubali. Fakiri akataka apewe saa ileile, si kesho. Sultani akarudi msikitini, akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, na zile akamwachia. Fakiri akazifunga kitambaani, akajitwika kichwani, akaenda zake.

Wengi wetu tukiombwa nguo huenda kabatini kutafuta iliyochujuka. Mtume wetu (s.a.w.) aliwahi kuombwa shuka aliyotoka kuzawadiwa na mwanamke mmoja, naye akiihitaji, akaitoa. Na Aal Imran aya ya 92 inafungamanisha wema na kutoa katika tunavyovipenda.

Watu wakamsifu sana Sultani. Hapo mwanawe, mrithi wa kiti, akamfuata fakiri akazichukua nguo za baba yake, na badala yake akampa watumwa 10. Baba alipopata habari ya shukrani za watu, hakumkemea mwana. Aliamuru fakiri aongezwe watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Hatuwezi kulipita hili kimya, hasa tunapozungumza na watu wa Kilwa, ambako misafara ya watumwa iliteremka hadi pwani karne nyingi baadaye. Binadamu 20 walikabidhiwa mgeni kama mizigo. Ukarimu wa Sultani tunausifu, lakini watu hao hawakuwa joho.

Hassan alipofariki, alitawala Daud. Ibn Battuta anasema huyu alikuwa kinyume cha nduguye: mwombaji akija, humwambia kuwa mtoaji ameshakufa na hakuacha cha kutoa. Wageni walikaa miezi mingi mlangoni, wakapata kidogo, mpaka wakaacha kuja. Sisi tunaona ajabu kwamba mtu huyuhuyu aliweza kuachia kiti kizima, kisha mkono ukamwia mzito kwenye vitu vidogo.

Sasa jibu la Kipatimu. Joho hilo ni sehemu ya mirathi, sawa na shamba na nyumba. Baada ya madeni na wasia, ni haki ya warithi wote, pamoja na mama na dada zenu. Mkubwa hawezi kulitoa sadaka peke yake, na fungu la mrithi ambaye hajabaleghe haliguswi. Wakiridhia wote waliobaleghe, watoe katika mafungu yao. Mdogo naye hana dhambi kulipenda, Asmaa bint Abi Bakr (r.a.) alihifadhi juba la Mtume (s.a.w.). Ila asilifiche. Lithaminiwe mbele ya wote, alichukue kwa ridhaa yao, na thamani yake ikatwe katika fungu lake. Mwana wa Sultani naye hakuchukua bure.

Wallahu aalam.