Favaloro, daktari wa kijijini aliyeufungulia moyo njia

René Favaloro alizaliwa Julai 12, 1923 mjini La Plata, Argentina. Baba yake alikuwa seremala, mama yake mshonaji nguo. Alihitimu udaktari mwaka 1949, lakini akakosa ajira hospitalini kwa kukataa kutia saini ya kukiunga mkono chama tawala.

Mwaka 1950 alikwenda kijiji cha Jacinto Aráuz kumshikia nafasi daktari aliyekuwa mgonjwa. Alidhani angekaa miezi michache. Akakaa miaka 12. Wasomaji wa Mungaa wangekitambua kijiji kile: vumbi, mvua za mashaka, hospitali kubwa mbali. Yeye na mdogo wake, naye daktari, walifungua kliniki, wakafundisha wakunga, wakaorodhesha wanakijiji waliokuwa tayari kuitwa saa yoyote kutoa damu. Vifo vya watoto wachanga vilipungua sana. Kwangu mimi, kazi hiyo haipungui thamani mbele ya ile iliyompa jina.

Jina alilipata Cleveland, Marekani, alikokwenda mwaka 1962 kujifunza upya, umri ukikaribia miaka 40. Mei 9, 1967 alichukua kipande cha mshipa wa mguuni wa mwanamke wa miaka 51, akakitumia kupitisha damu pale mshipa unaolisha moyo ulipoziba. Upasuaji huo ukakua na kuwa kama barabara ya mchepuo: njia ya zamani imefungwa, magari yanapita kando.

Mwaka huohuo, huko Japan, daktari Tomisaku Kawasaki alichapisha maelezo ya ugonjwa wa watoto wadogo unaobeba jina lake: homa ya siku tano au zaidi, macho mekundu, midomo kupasuka, vipele, viganja na nyayo kuvimba, tezi shingoni. Ni rahisi kudhani ni surua. Usipotibiwa, karibu mtoto mmoja kati ya wanne hutanuka mishipa ya moyo. Damu ikiganda humo, mshipa huziba.

Baadhi ya watoto hao walihitaji mchepuo, na hapo kasoro ikaonekana. Mshipa wa mguuni haukui pamoja na mtoto, na mara nyingi huziba. Daktari Soichiro Kitamura wa Japan akatumia ateri ya ndani ya kifua, ambayo hukua naye. Kati ya watoto 114 aliowafuatilia, asilimia 95 walikuwa hai baada ya miaka 25. Baada ya miaka 20, ateri za kifua zilizobaki wazi zilikuwa asilimia 87. Mishipa ya mguuni, 44 tu. Si wachache waliohitaji kutibiwa tena, kwa hiyo kliniki haikomi.

Mzazi, homa ikifika siku ya tano na dalili hizo, usingoje. Mpeleke mtoto Makiungu. Dawa ya kingamwili ikitolewa ndani ya siku 10 hupunguza sana hatari. Aliyekwisha kuugua apimwe moyo, hata kama rufaa itafika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Ukiambiwa mtoto anahitaji mchepuo, uliza ni mshipa upi utakaotumika.

Favaloro alirudi Argentina mwaka 1971, na mwaka 1975 akaanzisha taasisi iliyotibu hata wasio na fedha. Madeni yakailemea. Alijitoa uhai Julai 29, 2000, akiwa na miaka 77. Hospitali aliyoiacha Buenos Aires bado inapokea wagonjwa wa moyo, watoto wakiwemo.