Hugh Trowell (1904–1989)

Mtahiniwa, mkumbuke daktari huyu unaporudia mada ya insulini. Trowell, Mwingereza aliyesomea udaktari London, alikuja Kenya mwaka 1929. Baadaye alihamia Uganda, akatibu na kufundisha katika Hospitali ya Mulago, Kampala.

Wagonjwa wake wengi walikuwa watoto wenye kwashakoo. Unene na kisukari vilikuwa nadra. Lakini kabla hajaondoka, baada ya takribani miaka 30, magonjwa hayo yalikuwa yameanza kuongezeka. Aliandika kitabu juu ya magonjwa ya aina hiyo mwaka 1960. Mwaka 1975, akiwa na Denis Burkitt, alitoa kingine kilicholaumu sukari na nafaka zilizokobolewa, zenye nyuzinyuzi chache.

Unene huletaje kisukari? Kwa kawaida insulini kutoka kongosho huziamuru seli za mafuta zichukue glukosi na kutunza mafuta. Mtu akinenepa kupita kiasi, seli hizo hutanuka na kuitikia kwa unyonge. Asidi za mafuta huvuja kwenye damu, na misuli na ini pia huanza kutoitikia vizuri. Kongosho huongeza insulini. Likishindwa, sukari hubaki nyingi katika damu. Hicho ni kisukari aina ya pili.

Katika mtihani, usiandike kwamba mgonjwa huyu hana insulini. Mara nyingi anayo, ila seli haziitikii ipasavyo. Ukitakiwa kutoa mfano wa chakula chenye nyuzinyuzi, taja ugali wa uwele au mtama usiokobolewa, chakula cha hapa kwetu Dodoma.